Mwongozo kamili wa kusawazisha monita: gama, mwangaza, na kwa nini picha zako zinatoka giza zikiprintiwa

Swali ni lile lile kila wiki, anabadilika muulizaji tu. Picha ya harusi kwenye kompyuta iko safi, sura zinaonekana, suti nyeusi ina mikunjo yake yote, halafu ikienda kuprintiwa inarudi giza na suti imekuwa doa. Mtu anaingia kwenye setingi, anakuta kitelezi cha gama, anakivuta, na kuanzia hapo mambo yanaharibika zaidi maana sasa picha mpya anazieditia kwenye kioo kinachomdanganya mara mbili.

Niseme mapema: mara nyingi tatizo sio gama, ni mwangaza uko juu mno. Gama ina zamu yake na kwenye mwongozo huu ni hatua ya tano, ukiirukia kabla ya hizo nyingine ni sawa na kupaka rangi ukuta ambao haujapigwa plasta. Kwa hiyo fuata mpangilio hata kama hatua nyingine zinaonekana za kitoto.

## Andaa hivi kwanza

- Monita yako na waya wake. HDMI au DisplayPort ni nzuri zaidi, VGA inakubalika kama ndiyo iliyopo.
- GIMP, ni ya bure. Photoshop kama unayo.
- Karatasi nyeupe ya A4, safi.
- Picha moja iliyoprintiwa vizuri ambayo unaiamini, na faili lake lile lile ambalo halijaguswa tena.
- Kitambaa laini cha kufutia kioo. Usicheke, vumbi na alama za vidole zinapausha nyeusi.
- Muda wa kutosha, saa moja na nusu hivi ukijumlisha na kusubiri monita ipate joto.
- Kifaa cha kupimia rangi kama unaweza kuazima, zile za Calibrite au Spyder ya Datacolor. Sio lazima. Mwongozo wote mpaka hatua ya sita unafanyika kwa macho.

## Gama ni nini, kwa kifupi kabisa

Kompyuta haitumi mwanga kwenye monita, inatuma namba. 0 ni nyeusi tii, 255 ni nyeupe pee. Ungetegemea 128, iliyo katikati, itoe nusu ya mwanga wa 255. Haitoi. Kwenye monita yenye gama 2.2 hiyo 128 inatoa kama asilimia 22 tu, na ili upate nusu ya mwanga kweli kweli lazima ufike 186. Ishike hiyo 186, tutaitumia.

Imewekwa hivyo makusudi. Jicho letu linatofautisha vizuri sana vivuli vya giza kuliko vya mwanga mkali, kwa hiyo namba nyingi zimepelekwa upande wa giza ambako zinahitajika.

Gama ikipanda, vitu vya katikati vinazama gizani, ngozi inakuwa nzito. Ikishuka, picha inapauka. Ila angalia hapa: 0 inabaki 0 na 255 inabaki 255, gama inagusa katikati tu. Ndio maana kama nyeusi yako ni kijivu, au shela la bibi harusi limekuwa jeupe moja bila nyuzi, hata uivute gama mpaka kesho haitakusaidia, hizo ni shida za ncha mbili na gama haifiki huko.

Lengo letu ni 2.2. Ndiyo inayokaribiana na sRGB, kiwango cha rangi ambacho picha karibu zote za intaneti zimetengenezewa, Windows inaitegemea hiyo 2.2, na Mac pia. Ukikuta maelezo ya zamani yanakwambia Mac uiweke 1.8 achana nayo, Apple walishahamia 2.2 tangu 2009. Wanaoedit video za kuonyeshwa kwenye TV chumba cha giza wanatumia 2.4, ila kama hujui kama unaihitaji, basi huihitaji.

## Hatua ya 1: Chumba, na vitu vya kuzima

Washa monita uiache dakika 30. Taa zake za ndani zikiwa baridi mwanga unabadilika badilika, utasawazisha kitu ambacho baada ya nusu saa hakipo tena. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi subiri tena kidogo.

Wakati unasubiri, panga chumba. Dirisha lisiwe nyuma yako likimulika kioo, wala nyuma ya monita likimulika macho. Pazia lishushe. Taa iwe ile ile unayofanyia kazi kila siku, maana ukisawazisha saa sita mchana mlango wazi halafu ukaedit usiku kwa taa moja, umefanya kazi bure.

Kisha zima hivi vyote:

- Night Light ya Windows, Night Shift na True Tone za Mac, f.lux kama umeiweka. Zote zinabadilisha rangi ya kioo, mara nyingi kuelekea umanjano.
- Mwangaza unaojirekebisha wenyewe. Kwenye laptop chomeka chaji kabisa, maana nyingi zikiwa kwenye betri zinapunguza mwanga na kubadilisha kontrasti kimya kimya ili kuokoa umeme.
- Kwenye menyu ya monita yenyewe: kontrasti ya kujiendesha, wanaiita Dynamic Contrast, DCR au majina mengine ya kibiashara. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kila ukifungua picha ya giza inashusha taa, ukifungua nyeupe inapandisha, sasa utapima nini hapo?
- Eco, na vile vya wacheza gemu vya kupandisha vivuli kama Black Equalizer.

Umefaulu kama: ukibadilisha kutoka ukurasa mweupe kwenda mweusi, mwanga wa kioo haupandi wala kushuka polepole peke yake.

## Hatua ya 2: Rudisha monita kiwandani, kagua waya

Ingia kwenye menyu ya monita kwa vitufe vyake, chagua Reset. Monita nyingi mtaani ni used za maofisini, huwezi jua mwenye nayo wa kwanza aliichezea vipi. Baada ya hapo chagua modi ya Standard, User au Custom. Movie, Game, Vivid, zote hapana. Modi ya sRGB ni nzuri kama ipo, ila kwenye monita nyingi inafunga vitufe vingine na mwangaza hauguswi. Ikikufanyia hivyo rudi User.

Kwenye kompyuta weka resolusheni asilia ya hicho kioo, 1920 kwa 1080 au 1366 kwa 768 au vyovyote ilivyo, na ukubwa wa vitu uwe asilimia 100 kwa muda huu. Kama ni 125, ile chati ya hatua ya tano itatoka ovyo na itakupa jibu la uongo.

Watu wa VGA: fungua ukurasa wenye maandishi mengi halafu bonyeza Auto kwenye monita ijipange.

Watu wa HDMI, hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. HDMI inaweza kutuma namba kwa mtindo wa kompyuta, 0 mpaka 255, au mtindo wa TV, 16 mpaka 235. Pande mbili zisipoelewana picha inaharibika. Kompyuta ikituma kwa mtindo wa TV na monita ikategemea wa kompyuta, nyeusi inakuwa kijivu na picha nzima imepauka. Ikiwa kinyume chake, yaani kompyuta inatuma 0 mpaka 255 na TV inategemea 16 mpaka 235, giza lote linamezwa na weupe wote unalipuka. Nenda kwenye programu ya kadi ya grafiki (NVIDIA, AMD au Intel) tafuta sehemu ya rangi, chagua Full, yaani 0 mpaka 255. Kama unatumia TV badala ya monita, ipe ile ingizo jina la PC kwenye menyu ya TV, na ushushe Sharpness, maana inachora mistari myeupe kwenye kingo za vitu ambayo kwenye faili haipo kabisa.

Wapo waliohangaika na gama miezi, kumbe shida ilikuwa hilo neno moja, Full.

## Hatua ya 3: Mwangaza, hatua inayotibu wengi

Monita inatoka dukani ikiwa imewashwa kwa nguvu ili ing'ae kwenye shelfu. Nyingi za kawaida zinafika kandela 250 kwa mita mraba (kipimo cha mwanga wa kioo), wakati mtu anayeedit picha za kuprinti anahitaji kati ya 80 na 120. Sasa fikiria, kioo kinawaka mara mbili na zaidi ya kinachotakiwa, wewe unaona picha imejaa mwanga, unaishusha kidogo ikae vizuri machoni, unaituma. Karatasi haina taa ndani. Inarudi giza. Hapo printa hana kosa.

Fanya hivi:

1. Fungua ukurasa mtupu mweupe ujaze kioo.
2. Shika ile A4 pembeni ya monita, imulikwe na taa ya chumba, sio mwanga wa kioo.
3. Shusha mwangaza kwa vitufe vya monita, sehemu iliyoandikwa Brightness, mpaka weupe wa kioo ufanane na karatasi na usionekane kama taa.
4. Subiri dakika mbili tatu, angalia tena. Macho yanazoea, na mwanzoni utaona kioo kimekufa. Hakijakufa.

Usishangae ukijikuta kwenye 20 au 30 ya mia. Kuna monita huo ndio usawa wake.

Tahadhari: shusha kwa vitufe vya monita, kwenye laptop zile funguo za mwangaza. Usitumie kitelezi cha mwangaza cha programu ya kadi ya grafiki. Vitufe vinapunguza taa yenyewe, kile cha programu kinabadilisha namba tu, taa inabaki inawaka vile vile na unapoteza vivuli.

Monita nyingine za bei ya chini zikishushwa sana zinapepesa na macho yanauma. Pandisha kidogo, halafu ongeza taa ya chumba ili karatasi nayo ipande. Kinachotakiwa ni vilingane.

Umefaulu kama: ukihamisha macho kutoka karatasi kwenda kioo na kurudi, hayakunji.

Wengi mkiishia hapa tu, print inayofuata itawafurahisha. Lakini endelea.

## Hatua ya 4: Ncha mbili, nyeusi na nyeupe

Tengeneza mafaili mawili kwenye GIMP. La kwanza jeusi tupu, 0,0,0, na ndani yake miraba ya 5, 10, 15 na 20 (namba hiyo hiyo kwenye nyekundu, kijani na bluu). La pili jeupe tupu, 255, lenye miraba ya 250, 245 na 240. Usiyaunganishe kuwa faili moja, ule weupe utakuumiza jicho usione chochote upande wa giza.

Fungua jeusi kioo kizima, zima taa kama unaweza. Mraba wa 10 unatakiwa uonekane kwa mbali, wa 15 na 20 bila shida. 5 ukiiona hongera, una kioo kizuri.

Fungua jeupe. 250 ionekane hata kama ni kwa kuibia. Ikiwa haionekani, shusha Contrast ya monita polepole mpaka itokeze. Kwenye monita hizi za LCD kontrasti ya kiwandani huwa iko karibu na sahihi, na kuipandisha juu ya hapo hakuongezi uzuri wowote, kunachoma weupe. Ile tabia ya kuweka Contrast 100 ili picha "iwe na nguvu" iache.

Giza likiwa limemezwa kabisa hata 20 huoni, kwanza rudi hatua ya 2 kwenye Full. Ikiwa iko sawa, tafuta Black Level kwenye menyu, kama ipo.

Umefaulu kama: kila upande una angalau miraba miwili unayoihesabu bila kubahatisha.

## Hatua ya 5: Gama yenyewe

Sasa chati. Kanuni yake ni nzuri sana: mistari myembamba, mmoja mweusi mmoja mweupe, ukiitazama kwa mbali inachanganyika na kuwa kijivu chenye nusu kamili ya mwanga, haijalishi gama ya monita ni ngapi, maana 0 na 255 hazisogei. Ukiweka pembeni yake kijivu kisicho na mistari, unaweza kusoma gama kwa jicho.

Kwenye GIMP fungua faili la pikseli 400 kwa 2. Zoom mpaka mwisho, mstari wa juu ujaze nyeusi, wa chini nyeupe. Kisha nenda Filters, Map, Tile, andika 400 kwa 400 (kama vipimo vimefungwa pamoja na kile kicheni, kifungue kwanza). Juu ya mistari hiyo chora miraba minne isiyo na mistari, na kila mmoja uandike pembeni namba yake:

- 174, ikipotea gama yako ni 1.8
- 180, ikipotea ni 2.0
- 186, ikipotea ni 2.2
- 191, ikipotea ni 2.4

Hifadhi kama PNG. Sio JPEG, inaivuruga mistari. Na usijitumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kufika ikiwa uji, hamisha kwa flash au itume kama dokumenti.

Ifungue kwa asilimia 100 kamili, kaa macho yakiwa usawa wa katikati ya kioo, rudi nyuma kama mita mbili, kunja macho kidogo. Wenye miwani vueni, leo ubovu wa macho ni faida. Mraba unaozama ndani ya mistari usionekane tena ndio gama yako.

Ikiwa 186 inaonekana nyeusi kuliko mistari, gama iko juu ya 2.2. Ikionekana nyeupe kuliko mistari, iko chini.

Kurekebisha. Anza na menyu ya monita, tafuta Gamma. Nyingine zimeandika 1.8, 2.0, 2.2, 2.4, hizo rahisi, ila usiiamini namba, amini chati. Nyingine zimeandika Gamma 1, Gamma 2, Gamma 3, na hapo 2 haimaanishi gama 2, ni majina ya mitindo tu. Jaribu moja moja ukitazama chati.

Monita haina hiyo menyu, au ni laptop? Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika dccw, fuata maelekezo mpaka kwenye gama, kuna duara zenye nukta katikati, sogeza kitelezi mpaka nukta zipotee. Ukimaliza rudi kwenye chati yako uhakikishe. Mac nenda kwenye setingi za Displays, orodha ya profaili za rangi (faili zinazoieleza kompyuta jinsi kioo chako kinavyoonyesha rangi), Customize, halafu shikilia Option huku unabonyeza ile alama ya kujumlisha, inakupa hatua za kina zaidi. Linux inayotumia X11 kuna amri ya xgamma.

Kwa nini menyu ya monita kwanza? Njia ya programu inabadilisha namba kabla hazijafika kwenye kioo, na namba ziko 256 tu kwa kila rangi, ukizivuta sana nyingine zinagongana. Matokeo yake anga la jioni linatoka na mistari mistari badala ya kufifia taratibu.

Tahadhari kwa wenye kioo cha TN, yaani laptop nyingi za bei nafuu na monita nyingi za ofisi: kiinamishe kidogo tu mbele au nyuma, chati nzima inabadilika. Hilo halitibiki. Weka alama ya mkao wako wa kioo, na ukiedit kitu cha maana kaa hapo hapo.

Umefaulu kama: 186 imepotea, au imekaribia kupotea huku 180 na 191 zote mbili zinaonekana. Ukipata kati ya 2.1 na 2.3 inatosha, usijitese.

## Hatua ya 6: Rangi ya weupe

Kwenye menyu tafuta Color Temperature, chagua 6500K. Kama kuna Warm, Normal na Cool tu, Cool huwa na ubluu mwingi, jaribu Normal na Warm ukilinganisha na A4. Tube ya chumbani ikiwa imeandikwa 865 au 6500K una bahati, karatasi yako inasoma weupe unaokaribiana na tunaoutaka. Ukiwa na taa ya njano, usiifuatishe monita kwenye umanjano huo, badilisha taa.

Ukihitaji kugusa nyekundu, kijani na bluu moja moja, punguza ile iliyozidi. Usiongeze iliyopungua, ukipitisha juu unachoma weupe na unarudi hatua ya 4.

Kisha fungua picha ya kijivu inayotoka nyeusi kwenda nyeupe. Isiwe na urangi wowote njiani, sio upinki kwenye giza wala ukijani katikati. Urangi mdogo kwenye giza kabisa kwenye kioo cha bei ya chini uvumilie tu.

## Hatua ya 7: Kama una kifaa cha kupimia

Mkichangishana wapiga picha watano mkanunua kimoja mnapokezana, ni hela iliyotumika vizuri, maana macho hayawezi kutengeneza profaili na kifaa kinaweza. Tumia programu yake au DisplayCAL, ambayo ni ya bure. Weka malengo: weupe 6500K, mwangaza 100 au 120, gama 2.2. Inamisha kioo nyuma kidogo ili kifaa kilale bapa, mwanga usipenye pembeni. Mwishoni ikikupa ripoti, wastani wa Delta E (tofauti kati ya rangi iliyotakiwa na iliyotokea kwenye kioo) ukiwa chini ya 2 lala usingizi.

Usipakue profaili ya mtu mwingine mtandaoni eti ana monita kama yako. Hata monita mbili za boksi moja hazilingani.

## Hatua ya 8: Print ya majaribio

Chukua ile picha unayoiamini, fungua faili lake kwenye kioo, shika karatasi chini ya taa. Ikikaribiana, andaa nyingine mpya, ihifadhi kwenye sRGB, printi ndogo ya 4 kwa 6 kwanza. Mwambie wa studio azime marekebisho ya kujiendesha, mashine nyingi zinajiamulia zenyewe kung'arisha au kutia giza na hapo hutajua nani kafanya nini.

## Bado inakusumbua?

Setingi zinapotea ukizima kompyuta au ukitoka kwenye gemu. Windows haijapakia ulichosawazisha. Fungua Color Management, Advanced, Change system defaults, tena Advanced, weka tiki kwenye Use Windows display calibration. Washa upya, fungua chati, angalia 186.

Picha hiyo hiyo inaonekana tofauti kwenye programu mbili. Photoshop inasoma profaili ya monita, programu nyingine nyingi za kuangalizia picha hazisomi. Amini inayosoma.

Monita mbili hazifanani. Linganisha mwangaza na weupe wake, basi. Vioo vya aina tofauti havitafanana vyote, chagua kimoja cha kueditia rangi na kingine weka vitelezi na WhatsApp.

Mteja anasema kwenye simu yake rangi zinawaka zaidi. Ni kweli, simu nyingi za AMOLED zinatoka zikiwa kwenye modi ya rangi kali. Mwonyeshe print, na ukiwa na simu yako iweke Natural uangalie nayo. Usiiharibu monita uliyoihangaikia ili kufuata simu ya mtu mmoja.